Kurasa Alizoziruka Kiberiti

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, wanafunzi wa darasa la sita walifanya usafi wa maktaba. Wenye bahati walipewa ufagio, kwa sababu ufagio hukupeleka mpaka mlangoni, na ukishafika mlangoni unaweza kuota jua na kupiga soga bila mtu kukuuliza. Wasio na bahati walipewa kitambaa chenye unyevu wakaambiwa wapanguse vitabu vya kabati la kioo. Kazi hiyo ilikimbiwa na wote isipokuwa msichana mmoja mfupi, mwembamba, ambaye shule nzima ilimwita Kiberiti.

Jina hilo alipewa na wateja wa mama yake, ambaye alikuwa msusi. "Kadogo kenyewe, lakini ukikagusa vibaya kanawaka," alisema mteja mmoja, na jina likaganda. Hata walimu waliacha kuhangaika na jina la kwenye orodha.

Kabati lenyewe lilisimama ukutani, limejaa riwaya kongwe. Hivyo vilikuwa vitabu vinene vyenye majalada magumu, vilivyoandikwa kabla bibi yake Kiberiti hajajua kutembea, na kila kimoja kilivikwa nailoni. Wageni wakija shuleni, mwalimu mkuu aliwaleta hapo kwanza. Wageni walitazama, wakasema "Hongereni sana," wakaenda kunywa chai. Hakuna mwanafunzi wa sasa aliyewahi kufungua hata kimoja. Walivijua kwa migongo tu, kama unavyomjua jirani asiyekusalimia.

Ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwa mwalimu wa maktaba, mwanamke mrefu mwenye miwani, aliyelifungua saa ya usafi tu. Akiwa mbali, wanafunzi walimwita Bi Ufunguo.

"Mwalimu," Kiberiti alisema Ijumaa moja, kitambaa mkononi, "hivi vitabu vinasomwa lini?"

"Vinatunzwa."

"Sijauliza vinafanywa nini, mwalimu. Nimeuliza vinasomwa lini."

Mafagio yote yalisimama. Bi Ufunguo alivua miwani yake taratibu, na anayemjua alijua kwamba akivua miwani mambo yameharibika.

"Nyinyi watoto mnasoma muhtasari," alisema. "Mnanunua pale getini vijitabu vyembamba kama biskuti. Mhusika mkuu nani, funzo lake nini, basi mmemaliza riwaya. Hivi vitabu viliwahi kuazimwa zamani. Vikarudi havina majalada. Vingine havikurudi kabisa, na havichapwi tena. Riwaya kama hizi zinataka mtu wa kukaa kitako, na mtu huyo hayupo humu."

"Mimi nipo," alisema Kiberiti.

Kicheko kilitoka upande wa mlangoni. Alikuwa Redio, jirani yake wa dawati, mvulana ambaye habari ikimfikia saa moja, saa mbili shule nzima inayo. "Huyu? Huyu hata tangazo la ukutani hamalizi."

"Wewe subiri betri zako ziishe," Kiberiti alimjibu bila kugeuka. Kisha akamtazama mwalimu. "Niazime kimoja, mwalimu. Nikikimaliza, ufungue kabati kwa darasa zima. Nikishindwa, nitapangusa peke yangu mpaka nimalize shule."

Bi Ufunguo alivaa miwani yake tena. Huenda alifikiri kumwadhibu, huenda alichoka tu kubishana. Alikwenda kabatini, akapitisha kidole juu ya migongo, akachomoa kitabu kinene kilichoandikwa *Warithi wa Kinu*.

"Mpaka mwisho wa mwezi. Nitakuuliza mbele ya wenzako. Ukishindwa, asije mtu mwingine kunisumbua kuhusu kabati hili."

Basi hapo ndipo Kiberiti alipojitwisha mzigo wa watu wote kichwani pake, na mdomo wake ndio uliomtwisha.

Tatizo la kwanza lilikuwa mikono. Saluni ya mama yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kikubwa, viti viwili na benchi, na kila akitoka shule Kiberiti alikuwa na kazi humo. Alichambua rasta. Alizichukua fungu zima, akazitenganisha katika nyuzi za unene mmoja, akampa mama moja moja wakati mama akisuka. Ukichelewesha uzi, mkono wa mama unakaa hewani, na mkono wa mama ukikaa hewani mdomo wake unaanza kazi.

"Sasa hicho kitabu utakishika kwa miguu?" mama alimwuliza.

Kiberiti alivuta kistuli mbele yake, akaweka kitabu juu, akakifungua, akabana kurasa kwa vibanio vya nywele, viwili kushoto na viwili kulia. Kisha akaanza kusoma kwa sauti huku vidole vikichambua.

"Nywele za mteja zikitoka ovyo, mimi na wewe," alisema mama.

"Zitatoka nzuri."

"Una jibu la kila kitu."

"Nimelelewa na mtu mwenye majibu, mama."

Mteja aliyekuwa kitini alicheka. Alikuwa mfamasia wa duka la dawa la jirani, mwanamke asiyependa utani kazini kwake ila saluni alijiachia. "Mwache asome, shoga. Mimi nimekaa hapa mpaka jioni, nimeshahesabu nondo zote za dirisha lako."

Mwanzoni kusoma kulikuwa kama kupanda mlima na ndoo kichwani. Sentensi za zamani zilikuwa ndefu. Unaianza ukiwa na pumzi, unaimaliza huna. Maneno mengine Kiberiti hakuwahi kuyasikia. Alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Lakini alikataa kuacha, kwa sababu kila alipotaka kuacha aliisikia sauti ya Redio ikisema "Huyu?"

Halafu hadithi ikashika. Kulikuwa na msichana aliyeolewa katika nyumba yenye kinu kikubwa cha kusagia nafaka, kilichozungushwa na maji ya mto. Mama mkwe hakumtaka. Alimpa chumba kinachovuja, akamhesabia hata chumvi. Mume akaugua, na kabla hajafa akasema sehemu yake ya kinu iwe ya mkewe. Ndugu zake wakasema hakusema.

"Walaaniwe," alisema mfamasia.

"Tulia kichwa," alisema mama. "Na huyo mama mkwe namjua."

"Unamjua?"

"Si huyo. Wa aina hiyo."

Tangu siku hiyo saluni ilibadilika. Wateja waliokuwa wakihimiza wamalizwe haraka sasa waliomba misuko midogo midogo inayochukua muda. Mfamasia alirudi kurekebishwa nywele za mbele ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Mama naye, aliyesema hana muda wa hadithi, alianza kuuliza kila mchana kabla hata ya kumwambia mwanawe avue viatu: "Tuliishia wapi?"

Kiberiti alitembea shuleni kifua mbele. Kumbe alikuwa bado hajafika katikati.

Katikati ya kitabu kulikuwa na kesi. Ndugu za marehemu walienda mahakamani kudai kinu, na kesi ile ilienda, ikaenda, ikaenda. Wakili akasema, wakili mwingine akajibu. Akaja shahidi wa mipaka, akaja shahidi wa mizani, akaja mzee mmoja aliyeeleza historia ya mto tangu chemchemi. Kiberiti alisoma ukurasa mzima, akafika chini, akagundua hakumbuki hata neno. Akarudi juu. Akafika chini, hali ile ile. Na mchana ule saluni haikuwa na mteja. Mama alikuwa amekwenda kununua rasta.

Shuleni nako hakukuwa na amani. Redio alikuwa akitangaza kila asubuhi: "Kiberiti amefika wapi? Mwezi unaisha, wapenzi wasikilizaji." Mbaya zaidi, wenzake walikuwa wameshagawana vitabu vya kabati kabla kabati halijafunguliwa. Huyu anataka chenye mgongo mwekundu, yule anataka chenye picha ya farasi. Hata wale waliomcheka sasa walimbebea begi. Kiberiti aliwatazama akaona kwamba akishindwa hatashindwa peke yake.

Akalifinya fungu nene la kurasa kati ya vidole viwili, akaligeuza lote kwa mara moja.

Nani atajua? alijiambia. Mwisho ndio wenye maana. Akabana vibanio vyake upande wa pili wa kesi, na moyo wake ukapiga haraka, ingawa chumbani hakukuwa na mtu wa kumwona.

Kesho yake alisoma mbele ya mama na mfamasia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye ukurasa ule, mama mkwe na mkaza mwana walikuwa wamekaa jiko moja, wanachambua nafaka kwenye ungo mmoja. Kitana cha mama kilisimama.

"Ngoja. Hawa si walikuwa maadui?"

"Walipatana, mama."

"Walipatanaje?"

"Mambo ya mahakamani. Marefu. Niliyasoma jana peke yangu."

"Ungetusubiri," alisema mfamasia, na alisema kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyekuta chakula kimeliwa.

Mama alimtazama bintiye kupitia kioo, muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaendelea kusuka. Kiberiti alisoma mpaka mwisho wa kitabu na masikio yake yalikuwa ya moto. Aliona aibu, na kwa kuwa aliona aibu alisoma kwa sauti kubwa zaidi.

Siku ya kuulizwa ilipofika, darasa zima lilijipanga maktaba. Bi Ufunguo alikaa mezani na *Warithi wa Kinu* mbele yake.

"Bi harusi alipokewaje?"

Kiberiti alieleza chumba kinachovuja, akaeleza chumvi iliyohesabiwa, akaigiza hata mikunjo ya uso wa mama mkwe. Darasa lilicheka. Mwalimu mwenyewe alikaza midomo ili asicheke.

"Na mwishowe, nani alibaki na kinu?"

Akaeleza mwisho wote, wanawake wawili, ungo mmoja, maji yakizungusha jiwe. Alieleza vizuri, kwa sababu mwisho aliusoma kweli.

Bi Ufunguo alifunga kitabu. "Inatosha," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika kwa namna ambayo wanafunzi hawakuwahi kuisikia. "Mtu hawezi kufika mwisho huu bila kupita katikati. Nilisema hayupo mtu wa kukaa kitako. Nilikosea, na ninamwambia mbele yenu kwamba nilikosea."

Akavua ufunguo shingoni. Akaenda kabatini. Ufunguo ukaingia, ukazunguka, kioo kikafunguka. Redio alikuwa tayari amekichomoa kitabu chenye picha ya farasi.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kiberiti ilikuwa inaelekea kuwa ndefu na yenye makofi, na hilo ndilo lililomkaba. Kama mwalimu angemtilia shaka, angebishana naye mpaka jioni. Lakini kuaminiwa hakukuwa na mahali pa kubishia.

"Mwalimu," alisema. "Lifunge tena."

"Nini?"

"Sijapita katikati. Nimeiruka kesi. Yote."

Kiberiti hakuinamisha kichwa. Kidevu alikishikilia pale pale juu.

"Kwa nini umesema?" Bi Ufunguo aliuliza. "Nilikuwa nimeshakuamini."

"Ndiyo maana nimesema, mwalimu."

Bi Ufunguo alimtazama, akatazama kabati. Akachukua kitabu mkononi mwa Redio, akakirudisha mahali pake, akafunga. Ufunguo ukarudi shingoni.

Nje, wenzake walimzunguka. Hakuna aliyembebea begi siku hiyo. "Ungenyamaza kidogo tu," alisema Redio, na mara hii hakuwa anatania. Alikuwa karibu kulia. "Nilikuwa nimeshakishika. Nilikuwa nacho mkononi."

"Na wewe ungesoma kidogo tu," alisema Kiberiti. "Hata ukurasa mmoja, badala ya kunisubiri mimi."

Alisema hivyo akaondoka kwa hatua kubwa. Alipopinda kona, akalia mpaka kola ya shati ikalowa.

Alipofika saluni, mfamasia alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama. Kiberiti hakungoja kuulizwa. Alisimama mlangoni akasema yote, ya darasani na ya pale pale kwenye kistuli.

Mama aliugeuzageuza uzi wa rasta mkononi mwake, kama hajui pa kuuweka. "Kwa hiyo siku ile ulinitazama usoni ukanidanganya."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nilijua kuna kitu. Watu waliochukiana vile hawapatani tu, kama waliopishana sokoni." Hatimaye aliuweka uzi kwenye benchi. "Nimeumia. Nakwambia ili ujue. Hasira itaisha, lakini leo nimeumia."

Kiberiti alijua kwamba hilo lilikuwa zito kuliko kiboko.

"Mimi nina swali," alisema mfamasia taratibu. "Sasa sisi tutajuaje walivyopatana? Maana nimewaza jambo hilo mpaka wateja dukani wananiita mara mbili."

"Nakwenda kukidai kile kitabu," alisema Kiberiti, akijifuta pua.

"Kesho?" aliuliza mama.

"Sasa hivi. Mwalimu bado hajafunga."

"Na kichwa cha watu nitakiacha nusu?"

Mfamasia alikuwa ameshasimama. Alichukua kitambaa, akajifunga upande ule usiosukwa, akajitazama kiooni. "Kichwa ni changu na nusu yake ni yangu. Twendeni."

Bi Ufunguo alikuwa anapanga viti alipowaona mlangoni: mwanafunzi mwenye macho mekundu, msusi mwenye kitana kwenye nywele, na mwanamke mwenye nusu kichwa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Kiberiti.

"Marahaba. Sisi tulishamalizana."

"Hatujamalizana, mwalimu."

"Ongea na mwalimu wako kwa adabu," mama alimkata. Kisha akamgeukia mwalimu mwenyewe. "Ila kwa kweli, mwalimu, hatujamalizana. Mama mkwe alipatanaje na mkaza mwana? Hatulali."

"Mama, hivi vitabu ni vya wanafunzi."

"Wanafunzi gani, mwalimu? Waliomo kabatini?"

Bi Ufunguo alivua miwani. Wote watatu walisubiri. Lakini aliifuta tu kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. "Kitabu hakitoki. Alipewa akatumia vibaya. Sheria ni sheria."

"Kisitoke," alisema Kiberiti. "Nitakuja asubuhi kabla ya kengele. Nitasoma hapa hapa mezani kwako, kila ukurasa, kwa sauti. Ukinifukuza nitasimama dirishani nikiomba kila siku mpaka uchoke."

"Na hawa mama zako?"

"Nitawapelekea kichwani. Wakiona pengo, watanirudisha."

"Tutamrudisha," alisema mfamasia, na kwa jinsi alivyosema, hata mwalimu aliona kwamba mtoto huyu amepata mtihani mgumu kuliko wowote wa shule.

Hivyo ndivyo Kiberiti alivyoingia katikati. Asubuhi za kwanza zilikuwa chungu. Kesi ilikuwa ile ile, mawakili wale wale, na mzee wa mto bado alianzia kwenye chemchemi. Lakini sasa hakuweza kupitisha macho juu juu, kwa sababu mchana alikuwa na watu wa kuwalisha. Asubuhi alisoma, mchana alisimulia. Mama aliuliza, "Huyo shahidi wa mizani alisema mizani ilikuwa ya nani?" Kama hakujua, alisema, "Sijui, mama, nitarudi kuangalia," na kesho alirudi kuangalia. Polepole aligundua kwamba yule mzee wa mto hakuwa anapoteza muda. Alikuwa anaonyesha kwamba mto ulihama, na kinu hakijawahi kusimama kwenye ardhi ambayo ndugu wale walidai ni yao. Hili lilimshangaza Kiberiti. Alikuwa amedhani kitabu kinachosha, kumbe ni yeye aliyekuwa hajakishika.

Asubuhi moja alisikia kitu dirishani. Alikuwa Redio, ameketi chini ya ukuta.

"Unafanya nini hapo?" Kiberiti aliuliza.

"Naota jua."

Kulikuwa na mawingu tangu alfajiri. Kiberiti alijitia hamnazo, akaongeza sauti kidogo. Kesho yake waota jua walikuwa watano, na baadaye Bi Ufunguo, bila kusema neno, alifungua dirisha lote.

Siku aliyofika kwenye ushahidi wa mama mkwe, Kiberiti alikimbia kutoka shule mpaka saluni. Aliwasimulia akiwa amesimama. Wana wa yule bibi walimpeleka mahakamani wakiwa wamemfundisha la kusema: kwamba marehemu hakutamka neno lolote juu ya sehemu yake. Bibi akapanda kizimbani. Akawatazama wanawe, akamtazama mkaza mwana. Akasema, "Huyu simpendi. Sikumpenda siku ya kwanza na leo simpendi. Lakini nilikuwa nimekaa mlangoni mwanangu aliposema kinu ni cha mkewe. Kutokumpenda hakujanifanya kiziwi." Akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu peke yake, kwa sababu wanawe hawakumngoja. Njiani akasikia hatua nyuma yake. Alikuwa yule asiyempenda, amembebea kanga yake aliyoisahau kizimbani. Wakatembea mpaka nyumbani bila kuongea. Ndivyo walivyoanza kupatana.

Mama alikuwa ameweka kitana chini. Mfamasia alikuwa anatazama dirishani, lakini safari hii hakuwa anahesabu nondo.

"Na wewe uliliruka hilo," alisema mama.

"Niliruka, mama."

"Basi adhabu umeshaipata."

Alipomaliza, Kiberiti alimwomba mwalimu jambo ambalo wanafunzi hawaliombi: aulizwe tena. Darasa likajipanga upya.

"Niulize katikati, mwalimu. Mwanzo na mwisho wote wanavijua."

Bi Ufunguo aliuliza, na hakumhurumia. Aliuliza wakili wa kwanza alikosea wapi, aliuliza kwa nini shahidi wa mizani alibadili maneno. Mahali pamoja Kiberiti alisema, "Hapo sijaelewa vizuri, mwalimu, hata baada ya kusoma mara mbili." Na Redio, kutoka nyuma, akanyoosha mkono akaeleza. Darasa zima liligeuka. Redio aliinua mabega. "Nilikuwa naota jua," alisema.

Mwalimu alisimama mbele ya kabati, ufunguo mkononi.

"Nisikilizeni," alisema. "Kutokusoma kitabu si aibu. Hata mimi viko vingi sijavisoma, na nikiulizwa nitasema sijavisoma. Ubaya ni kujifanya umesoma, kwa sababu aliyejifanya amesoma harudi tena kusoma. Amejifungia mlango mwenyewe. Huyu alisema ameruka, ndiyo maana aliweza kurudi. Na mimi nina langu. Niliogopa vitabu visije vikachanika, nikavifungia, mpaka nikasahau viliandikwa kwa ajili ya nani. Kitabu kisichosomwa kimeharibika tayari, hata kama jalada linang'aa. Mtavishika kwa mikono safi, mtavirudisha. Atakayechana atashona, na nitamwonyesha jinsi ya kushona."

Safari hii hakuufunga mlango wa kioo. Kiberiti aliwapisha wenzake wote. Redio alichukua chake chenye picha ya farasi, akakikumbatia kama kuku wa zawadi. Mwishoni Kiberiti alinyoosha mkono rafu ya juu kabisa, akashusha kitabu kinene kuliko *Warithi wa Kinu*.

"Hicho?" Redio alitoa macho. "Hicho ni tofali."

"Kaa hapo hapo na farasi wako," alisema Kiberiti.

Wageni walikuja muhula uliofuata. Mwalimu mkuu aliwaleta maktaba kama kawaida, akanyoosha mkono kuelekea kabati, na mkono ukabaki hewani. Rafu zilikuwa na mapengo mengi kuliko vitabu, na vichache vilivyobaki vilikuwa vimelala ubavu. Jasho lilimtoka.

"Mwalimu, vitabu viko wapi?"

"Kwa wenyewe," alisema Bi Ufunguo, na hakuomba radhi.

Mgeni mmoja, mzee mwenye suti, alimwona Kiberiti kwenye benchi na lile tofali mapajani, vibanio vinne vikizishika kurasa. Aliinama kutazama kichwa cha kitabu, akainua nyusi. "Hiki mimi kilinishinda nikiwa na umri wako, binti. Na wewe umefika wapi?"

"Katikati," alisema Kiberiti, akarudi kusoma.